Anayebeba maboksi ale kwanza

Ndugu Mhariri, salaam kutoka Kirumba. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua itakuwa ndefu lakini jambo hili limenikaa moyoni tangu nisome barua ya msomaji mmoja aliyesema vikundi vya maigizo huku kwetu Kanda ya Ziwa vinakufa kwa sababu vijana wa siku hizi hawataki kazi, wanataka hela ya haraka, ukimpa mtu spika abebe ananuna. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea mume wangu kwa sauti, akaniambia jibu wewe, hao vijana unawajua.

Ni kweli nawajua. Mimi ni mama wa maleba, yaani nguo za kuigizia. Nilianza kama fundi cherehani, nikaitwa kushona nguo za igizo moja tu, ndio nikawa nimeingia hivyo, huu ni mwaka wa 14, na miaka ya karibuni mimi ndio naongoza jukwaa, yaani nani aingie saa ngapi, taa iwake wapi, ngoma ipigwe lini, nani kabeba nini na kimerudi wapi. Kikundi chetu tuko 17. Watu wanaowaona ni 9. Hao 8 waliobaki hamuwajui, na barua yangu inawahusu hao.

Watu wakisikia kikundi cha maigizo wanamfikiria yule dada anayelia jukwaani mpaka wamama wanatoa leso, au yule kaka mchekeshaji ambaye hata sokoni Mwaloni akipita wanamuita kwa jina la kwenye igizo. Hawamfikirii anayeshika kamba ya turubai upepo wa ziwani ukianza, wala aliyekaa chini ya meza na waya mkononi kwa sababu soketi imelegea na akiiachia sauti inakata, wala anayemvua mtu kanzu na kumvalisha gauni gizani kwa sekunde 20 huku pini ziko mdomoni. Hao wanavaa nguo nyeusi ili wasionekane. Ndio kazi inavyotaka hivyo, sina ugomvi na nguo nyeusi. Ila kuna kutoonekana jukwaani na kuna kutoonekana maishani, na sisi viongozi wa vikundi tumechanganya hivyo vitu viwili kwa miaka mingi alafu vijana wakiondoka tunasema wavivu.

Nianze na kosa langu mwenyewe maana siwezi kusema wengine nikajiacha. Kuna siku tulikuwa na onyesho hapa mjini, ukumbi wa kukodi, wageni waalikwa, mambo ya suti. Vijana wa vyombo walifika saa 12 asubuhi, wakashusha, wakafunga taa, wakapanda ngazi wakashuka, mpaka saa 8 mchana hakuna aliyekaa. Chakula kikaja, na aliyehesabu sahani ni mimi. Nikahesabu wageni, nikahesabu waigizaji, nikawaambia wale wa nyuma nyie mtakula baadaye tukimaliza. Mhariri, baadaye hiyo haikufika. Wageni walikuja wengi kuliko waliotajwa, wali ukaisha, kuku ndio usiseme. Nilipoenda nyuma kuchukua koti la igizo nikamkuta fundi sauti wetu, mzee mtu mzima ambaye amepigia bendi mbalimbali hapa Mwanza kabla hata sisi hatujajua miksa ni nini, amekaa juu ya boksi la spika anakula andazi moja la jana yake na maji ya chupa. Aliniangalia akasema "karibu mama", basi. Hakulalamika hata neno moja.

Onyesho lililofuata alikuja kachelewa saa nzima. Maiki hazikujaribiwa, moja ikawa inapiga kelele kila dada akisogea kulia, na yeye alikuwa amekaa tu anaangalia, hana haraka. Nikataka kumsema. Alafu nikakumbuka lile andazi nikanyamaza. Wiki hiyohiyo vijana wawili wa kubeba wakaacha kuja, mmoja akaenda kuendesha bodaboda, mwingine sijui yuko wapi mpaka leo. Kama ningeandika barua siku ile na mimi ningeandika vijana hawana moyo wa kazi. Nilichelewa kujua kwamba moyo walikuja nao, wakaumalizia kwetu.

Tulichofanya baada ya pale ni kitu kidogo sana mtu anaweza kukidharau. Tulikaa kikao nikaomba radhi mbele ya wote, mzee wa sauti akiwepo, alafu tukaweka utaratibu: anayebeba maboksi anakula kwanza. Na hatuli tena kwa mafungu, tunakula wote pamoja kabla ya kufungua vyombo, mwongozaji na muigizaji mkubwa na dogo wa kushika kamba, sinia moja. Hatuna hela za pilau kila siku, mara nyingi ni michembe, yale matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga na chai ya rangi, au ugali na dagaa kama tuko mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, lakini tunakaa chini wote. Na nimeona kwa macho yangu, watu wakishakula pamoja hata kutaniana kunaanza, na utani ukianza kazi inakuwa nyepesi, mtu anabeba boksi huku anacheka, anamsema mwenzake anavyotembea, mizigo inakwisha bila mtu kuitwa jina.

Hapo kwenye kubeba niseme kitu kimoja ambacho sikukisoma popote, nimekirithi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mkulima kule Kwimba na Wasukuma wenzangu wanaosoma hapa wanajua bugobogobo inatoka wapi. Ile ngoma mnayoiona kwenye sherehe, watu wanarusha majembe juu na kuyadaka, wageni wanapiga picha, ile asili yake ni shambani. Vijana wa kijiji walikuwa wanaenda kwa pamoja kulima shamba la mtu, wanajipanga mstari, ngoma inapigwa mbele yao, jembe linashuka kwa mdundo, mwenye shamba analisha. Kulikuwa na kiongozi wa vijana anaitwa nsumba ntale, na babu alikuwa anasema kiongozi mzuri alikuwa hagombezi aliyebaki nyuma, anaongeza nyimbo, anamsogelea na ngoma, mpaka mtu miguu inamrudisha mwenyewe kwenye mstari. Na yule anayejua kurusha jembe anaachwa arushe, anapoteza sekunde mbili lakini mstari mzima unapata nguvu. Jua la Kwimba mnalijua. Watu walikuwa wanalima ekari kwa ekari chini ya jua lile na jioni wanasimulia kama walikuwa harusini.

Sasa mimi nikasema kama ngoma ililima shamba itashindwaje kushusha Fuso? Tukaweka hivi, ngoma ndiyo kitu cha mwisho kupakiwa na cha kwanza kushushwa. Gari likisimama tu mtu mmoja anashuka na ngoma anaanza kupiga, wengine wanashusha, na tunapokezana, ukichoka kubeba unashika ngoma, aliyekuwa anapiga anabeba. Zamani kushusha kulikuwa kunatuchukua dakika 45 na manung'uniko juu, siku hizi dakika 20, 25, na watoto wa mtaa wanakuwa wamejaa tayari wanacheza, yaani tangazo la onyesho limejipiga lenyewe. Na hata huko Bujora, Kisesa, kwenye Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma mwezi wa sita, Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya wachezaji, wanaposhindana, mtu anaangalia wachezaji tu, lakini aliyechonga zile sanamu za mbao, aliyemtunza yule chatu wa kuchezewa, aliyekaa usiku kuandaa jambo ambalo kundi la pili hawalijui ili kesho umati uhamie kwao, hao nao ni watu wa nyuma ya jukwaa. Sisi Wasukuma tulikuwa nao siku nyingi kabla taa za umeme hazijafika.

Naomba sasa nisimulie kuhusu dogo wetu wa taa, maana hapa ndipo huyo msomaji nataka asome polepole.

Tuna igizo la kichocho. Huku ziwani kila mtu anajua kichocho lakini si kila mtu anajua kinavyozunguka, kwamba mwenye ugonjwa akijisaidia ziwani au ufukweni mayai yanaingia majini, vinaanguliwa vijidudu vinaingia kwa konokono, vikitoka kwa konokono vinapenya ngozi ya mtu aliyeingia majini kuoga au kufua au kusukuma mtumbwi. Kwa hiyo kwenye igizo yupo konokono. Tulimtengeneza sisi wenyewe, matete kwa mifupa, salfeti kwa ngozi, macho yake ni vifuniko vya ndoo, watu wawili wanaingia ndani wanamtembeza. Kumtengeneza tu kulituchukua siku nne uani kwangu na hizo siku nne watu walicheka mpaka majirani wakawa wanachungulia.

Maonyesho ya mwaloni tunayapanga kwa mwezi. Asiyekaa huku anaweza asielewe. Wavuvi wa dagaa wanavua giza, taa ndiyo inawavuta dagaa, mbalamwezi ikiwa kali taa inakosa nguvu, dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo siku za mwezi mpevu mwalo unapumzika, nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa, wanaume wako nyumbani. Ukienda siku za giza utaigizia watoto na kina mama tu na wale unaotaka wasikie wako katikati ya ziwa. Basi tulikuwa kisiwani, mwezi karibu umejaa, mwalo mzima umekaa mchangani, tumefika katikati ya igizo jenereta ikaanza kukohoa. Ikakohoa, ikavuta, ikazima. Petroli tuliyouziwa ilikuwa na maji.

Mwezi ulikuwepo ndio, lakini wingu lilikuwa limeanza kupita, na jukwaa letu lilikuwa chini ya mti. Watu wakaanza kunong'ona, mmoja mmoja anasimama. Mimi nilikuwa nyuma ya turubai natetemeka, nawaza tuombe radhi tufunge. Dogo wa taa, kijana wa miaka 19, hakuniuliza. Niliona tu hayupo. Alikuwa amekimbia kwa wavuvi kuomba zile taa zao za betri za kuvulia dagaa, alirudi na sita, na wenyewe wavuvi nyuma yake wamezibeba. Sasa hana nguzo ya kuzifunga, hana waya, akazipanga mchangani chini kabisa mbele ya jukwaa, nusu duara, akazielekeza juu. Akapiga mluzi. Konokono akaingia.

Mhariri, taa ilikuwa inatoka chini. Kivuli cha konokono kikapanda kwenye turubai kikajaa turubai lote, pembe zake zikafika kwenye matawi ya mti. Kila akisogea mbele kivuli kinakuwa kikubwa. Watoto walipiga kelele wakakimbilia kwa mama zao, wazee wakacheka, alafu wote wakarudi wakakaa karibu zaidi kuliko mwanzo. Yule dada anayeigiza mfuaji nguo aliogopa kweli, ile sauti aliyotoa hatujawahi kuipata mazoezini. Nilimuona dogo amelala kifudifudi mchangani pembeni ya taa ya mwisho, anaisogeza kwa vidole taratibu kufuatana na konokono anavyotembea, mchanga umemjaa mdomoni, na alikuwa anacheka peke yake.

Tulipofunga vyombo mwongozaji akasema mbele ya wote, hiyo ya dogo ibaki. Na imebaki. Mpaka leo, hata tukiwa ukumbini na umeme upo, sehemu ya konokono taa kubwa zinazimwa zinawashwa za chini. Dogo ndiye anayeamua zikae wapi na ngapi, na akibadilisha hatumuulizi. Tangu siku ile hajachelewa. Anakuja na daftari, anachora, siku nyingine ananipigia saa 4 usiku kuniambia mama nimepata wazo la ile sehemu ya mazishi. Ni kijana yuleyule ambaye miezi minne kabla alikuwa amekaa anachezea simu mpaka aambiwe washa, zima. Mshahara haukuongezeka. Kilichoongezeka ni kwamba kuna kipande cha igizo ni cha kwake.

Nataka viongozi wenzangu mlichukue hili, tafuteni kipande cha kila mtu. Kina mama wa maleba wapeni wachague rangi moja wenyewe. Mwenye kamba mwambieni pazia lifunguke kwa mwendo gani anaonaje. Mtu ambaye siku nzima anaambiwa shika hapa, weka pale, hata angekuwa na moyo wa chuma utachakaa. Wenzetu wengine wanasema watu wa nyuma hawajasoma sanaa, hawajafika Bagamoyo chuoni, kwa hiyo wafuate maelekezo. Na sisi hakuna aliyefika, Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa na ada sio mchezo, tumejifunza kwa mikono. Mikono nayo ina akili yake.

Kuna kiongozi mmoja wa kikundi, nilimwambia haya tukiwa kwenye kikao akanijibu mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ukiwasifia sana hawa watapanda kichwa. Nimeufikiria sana huo msemo. Mgema anayetia maji ni yule anayesifiwa na walevi. Hao watamsifia hata akileta maji matupu. Sifa ya mtu anayeijua kazi ni nyingine kabisa. Nikimwambia fundi sauti leo ulishusha ngoma dada alipoanza kunong'ona, nilikuona, yeye anajua kwamba nilikuwa nasikiliza, na kesho atafanya tena maana anajua kuna sikio. Ukimwambia tu "kazi nzuri vijana" kwa ujumla huku unaingia kwenye gari, hiyo wala sio sifa, hiyo ni kwaheri.

Kwa hiyo kila usiku baada ya onyesho, kabla ya kupakia, tunakaa dakika 10. Sio kikao cha lawama. Kila mtu anasema kitu kimoja alichomuona mwenzake akifanya, na hatutaji waigizaji, waigizaji wameshapigiwa makofi. Makosa tunayaongea kesho yake asubuhi watu wakiwa wameshapumzika. Mwanzoni watu waliona aibu, wanaume hasa, siku hizi nikisahau wananikumbusha.

Na majina. Majina yao tunayasoma mwanzo kabla igizo halijaanza maana mwisho watu wanakuwa wanatafuta viatu na watoto. Nasikia Uingereza na Marekani kwenye kumbi zao waigizaji wakimaliza kuinama wananyoosha mkono kuelekea kule juu wanakokaa watu wa taa na sauti ili nao wapigiwe makofi. Ni jambo zuri nimelipenda. Sisi hatuna kule juu, watu wetu wako nyuma ya turubai, kwa hiyo tunawatoa nje, wanasimama na nguo zao nyeusi, jina na kazi yake, wanarudi nyuma tunaanza. Mama wa dogo wa taa alikuja mara moja Igombe kumuona. Alikuwa anajua mwanawe anaenda tu na watu wa ngoma. Aliposikia jina lake kwenye spika alipiga vigelegele peke yake uwanja mzima.

Sasa hela, maana kuna mtu atasoma atasema mama huyu anatuletea michembe na majina badala ya posho. Hapana. Raha ya kazi hailipi kodi ya chumba na mtu asiitumie kuficha deni. Sisi kuna taasisi moja tuliifanyia maonyesho vijiji vinne, hela ikaja baada ya miezi mitano. Kilichotuvusha ni kwamba siku ya kwanza tu tuliposikia itachelewa tuliwaambia wote, mkataba ukasomwa kwa sauti, kiasi gani kitaingia, kila mtu atapata ngapi, mafuta ngapi, na kila wiki nilikuwa nawaambia nimepiga simu wamesema hivi. Hakuna aliyefurahi lakini hakuna aliyeondoka. Nimeona vikundi vimekufa kwa laki moja ambayo haikuwa imeibiwa, ilikuwa tu haikutajwa. Mtu akishaanza kuwaza kuna kitu mnakula nyuma yake, hata ngoma umpigie vipi mguu hauinuki.

Na hapa nawageukia wafadhili na maafisa utamaduni wa halmashauri zetu. Kwenye zile fomu za bajeti mnaandika posho ya wasanii, idadi. Tukiandika 17 mnakata mnasema igizo lina watu 9 hawa wengine ni wa nini. Mwenye taa, mwenye sauti, mama wa maleba, wa jukwaa, wa vifaa, wapakiaji, hao mnataka tuwalipe kutoka wapi? Inabidi tukate kwa waigizaji tuwagawie, waigizaji wanaona wanaibiwa, wa nyuma wanaona wanapewa makombo, na hapo ugomvi umeingizwa ndani ya kikundi na mstari mmoja wa karatasi. Naomba kiwekwe kipengele cha mafundi wa jukwaa kwenye fomu, kisimame chenyewe. Mkiona hela ni ndogo punguzeni vijiji, msipunguze watu.

Kitu kingine nilichokigundua juzijuzi tu, na hiki kimenishangaza. Tulikuwa tukienda Sengerema lazima tusubiri kivuko pale Kigongo, na ukiwa na Fuso limejaa vyombo unaweza kukaa masaa mawili, matatu. Tulikuwa tunalalamika sana. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita 3, unavuka dakika chache unaliona ziwa chini huku na huku, na namshukuru Mungu nimeliona. Lakini safari ya pili, ya tatu, nikaona watu wanafika wakiwa kimya. Nikajiuliza kimya hiki kimetoka wapi. Kumbe yale masaa ya kivukoni ndio mzee wa sauti alikuwa anatupa hadithi za bendi za zamani, mimi nashona vifungo vilivyodondoka, dogo anafundishwa kupiga ngoma, mchekeshaji anajaribu vichekesho vipya kwa abiria wa foleni. Tulikuwa tunafika Busisi tumeshakuwa kitu kimoja na hatukujua kilichotuunganisha. Kwa hiyo sasa tunasimama Usagara kwa makusudi, nusu saa, chai kwa mama lishe mmoja pale, gari limezimwa, simu mfukoni. Dereva mwanzoni alinung'unika sasa yeye ndio anayeagiza chapati.

Sitaki mtu adhani kila siku ni ngoma na vigelegele. Kuna siku mvua inanyesha tumeshafunga kila kitu, kuna siku upepo wa Kayenze ulibeba turubai na nguzo yake ukapeleka mpaka kwenye vichanja vya dagaa vya watu tukalipa. Kuna siku mtu ana msiba na hajamwambia yeyote, anakosea kila kitu, na ukimfokea hapo umempoteza. Siku hizo hakuna ujanja zaidi ya kukaa naye, kumpa kazi nyepesi, na rambirambi ikusanywe usiku huohuo bila kungoja kikao. Mwaka jana tulimzika baba wa mmoja wa wapakiaji, tulienda wote 17, tukabeba spika zetu wenyewe bure, mzee wa sauti akakaa kwenye miksa siku mbili. Yule kijana leo hata ukimpa kazi kwingine kwa hela zaidi haendi, na sijawahi kumuomba asiende.

Kwa ndugu msomaji aliyeandika, sina ubaya na wewe, inawezekana umeumizwa na vijana kweli. Ila kabla hujaandika tena, njoo uone. Mwezi unakaribia kujaa, tunaenda Kayenze na igizo lilelile la kichocho. Gari linaondoka hapa Kirumba saa 7 mchana, michembe nitakuwa nimechemsha. Ukifika mapema utapewa boksi ubebe, kwa hiyo utakula na kundi la kwanza, na dogo wa taa amesema safari hii anataka taa nane za chini badala ya sita, ana jambo anataka kulijaribu kwenye zile pembe, amekataa kutuambia.

Mama wa Maleba,
Kirumba, Mwanza